Siku ya Tatu

Karibu na Garsen, pale Minjila ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika, mkono mmoja ukivuka mto kuelekea Witu na Lamu na mkono wa pili ukipanda na bonde hadi Hola na Garissa, nilipata kukaa adhuhuri moja ya kiangazi chini ya mwembe pamoja na mzee wa Kipokomo aliyekuwa, kama mimi, akingoja gari. Tulikuwa tumekwisha kuulizana hali, na mvua, na bei ya mahindi, na yale yote ambayo watu wa mwambao na watu wa mtoni huulizana kabla hawajaingia katika neno lenyewe, ndipo akanitazama, akasema: "Mwanangu, wewe umesoma. Wahenga walituachia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, mgeni akija na jembe lake mwenyewe mkononi, tena akampa mwenyeji alime, siku ya tatu hiyo ni ya nani?" Sikuwa na jawabu. Tangu siku hiyo nimelichukua swali lake kama mtu achukuaye amana ya mwenziwe asiyejua mahali pa kuiweka, nami leo najaribu kuifungua mbele ya wasomaji.

Methali ile yajulikana pwani na bara, na Mwalimu Julius Nyerere aliitumia katika risala yake ya 1962 juu ya Ujamaa kuonyesha kwamba katika maisha ya asili ya Kiafrika hapakuwa na mtu wa kula jasho la mwenziwe, hata awe mgeni. Maana hiyo ni sahihi, wala siikanushi. Lakini iko maana ya pili ambayo husemwa mara chache. Jembe haliokotwi njiani. Ili mwenyeji ampe mgeni jembe siku ya tatu, sharti kwanza awe nalo la kumpa, awe na konde ya kumwonyesha, na awe na mamlaka ya kumwambia hapa lima na pale usiguse, kwa kuwa pale ni kaburi la bibi yangu, au ni njia ya ng'ombe wa jirani. Kumpa mtu jembe ni kumtoa katika ugeni na kumtia katika ujamaa. Ni kumwambia kwamba tangu leo njaa yetu ni yako na shibe yetu ni yako. Basi mwenye kutoa kazi ndiye mwenyeji, na mwenye kuipokea ndiye ajaye. Na katika nchi yoyote, atakaye kumjua mwenyeji wa kweli na amtazame yule ambaye mkono wake ndio utoao jembe, kwani makaburi ya mababu, ingawa yana haki ya kuheshimiwa, hayatoshi kumjulisha.

Nchi ya Tana ni nchi ya mto mmoja na watu wengi. Mto wateremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, wapita katika mabwawa ya umeme yaliyojengwa tangu Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, kisha waingia nyika kavu, nao baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 wafika baharini Kipini. Kingo zake ni za Wapokomo, wakulima wa ndizi, mahindi, mpunga na maembe, ambao huuhesabu mwaka kwa kujaa na kupungua kwa maji. Nyika iliyo nyuma ya kingo ni malisho ya Waorma na Wawardei, ambao mifugo yao, yakaukapo madimbwi ya mvua, haina budi kushuka mtoni kwa njia ziitwazo malka. Na baina yao wako Wamunyoyaya, Wamalakote na Wawaata, na wafanyabiashara waliokuja kutoka kila upande. Hesabu ya 2019 iliwapata watu 315,943 katika kaunti nzima, ambao ni wachache kwa nchi pana namna ile. Tangu 2013 wana serikali yao yenye makao Hola, na Katiba ya 2010 imeikabidhi serikali hiyo yale mambo hasa ambayo mji huishi kwayo: masoko, leseni za biashara, minada ya mifugo, machinjio, kilimo, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo swali la mzee halikuwa la kale hata kidogo. Zamani mwenye kutafuta kazi Garsen alibisha mlango ulioko Nairobi. Leo mlango uko karibu, na waliokaa nyuma yake ni wana wa nchi, nao wataulizwa.

Wageni wenye majembe yao walianza kuja kabla ya uhuru. Mwaka 1953 serikali ya Kiingereza ilianzisha kilimo cha kunywesha maji huko Hola, na jembe la kwanza lilishikwa na mahabusu wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walitolewa kambini kwenda kulazimishwa kazi. Wakapigwa, na 11 wakafa, na habari ya kwanza iliyotangazwa na wakubwa ni kwamba vifo vile vilitokana na maji waliyokunywa. Nataka msomaji akae na jambo hili kidogo, kwa sababu huzungumzwa kama habari ya siasa, ilhali ni mas'ala makubwa ya dini na falsafa pia. Wale watu hawakuwa wavivu. Wengi wao walikuwa wana wa wakulima, na jembe walilijua tangu utoto. Naona walilikataa kwa sababu kulishika kwa amri ile kungekuwa kukubali kwamba mwenye kuamrisha ndiye mwenye nchi. Katika sheria ya Kiislamu mkataba wa ijara, yaani wa kuajiri, kama ulivyo wa kuuza na kununua, husimama juu ya ridhaa ya pande mbili, na pasipo ridhaa hapana ijara, bali pana unyang'anyi wa mwili wa binadamu. Ibn Khaldun, aliyeandika Mukadima yake mwaka 1377, alihesabu kazi ya kulazimishwa miongoni mwa dhulma kubwa kabisa zinazobomoa umrani, yaani ustawi wa nchi, kwa hoja nyepesi ya kwamba chumo la mtu ni thamani ya kazi yake, hivyo amnyang'anyaye mtu kazi yake amemnyang'anya riziki yake yote. Hola ilipata kuwa shahidi wa maneno hayo, naye Ibn Khaldun hakupata kuisikia.

Baada ya uhuru majembe yalikuja na uso wa heri. Bura, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikusudiwa kuwa hekta 6,700 za pamba zenye kukaliwa na jamaa walioletwa kutoka pande zote za Kenya. Zilizopatikana ni kama 2,500, na maji yalipandishwa kwa pampu za dizeli, na pampu ziliponyamaza mashamba yalikauka na watu wamo ndani. Mwaka 1989 mto wenyewe uliihama skimu ya Hola. Huku chini, karibu na Garsen, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mito ya Tana na Athi, TARDA, iliyoundwa 1974, ililima mpunga katika delta kwa msaada wa Japani, na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakayavunja makingo yake. Mwaka 2008 ukaja mpango wa miwa wa hekta zipatazo 20,000. Wenyeji wakaenda mahakamani, na kiwanda hakikusimama. Kisha ikaja kampuni ya Kikanada na mibono ya kukamuliwa mafuta, nayo ikaenda zake. Sisemi kwamba hao wote walikuwa na nia mbaya, kwani mioyo ya watu yajulikana na Aliyeiumba. Nasema kwamba kila mmoja alikuja na neno moja mdomoni, nalo ni ajira, na kila mmoja alihitaji ardhi kwanza. Mwenyeji akaambiwa: toa konde, utapewa kibarua. Na kibarua kilipokwisha, yeye hakuwa na konde wala ujira, akabaki mgeni katika nchi ya kuzaliwa kwake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni amekuja mara nyingi, na mwenyeji bado yu kitandani.

Hapa wako wacha Mungu, nao ni watu wema, ambao husema kwamba riziki ni ya Mwenyezi Mungu, kwamba kila kiumbe fungu lake limeandikwa, na kwamba kuidai kazi serikalini ni upungufu wa imani. Nimelisikia neno hili misikitini, na majirani zangu Wakristo wamenieleza kwamba nao hulisikia makanisani. Sina shaka na sehemu yake ya kwanza. Lakini tazama mto. Maji ya Tana ni riziki isiyotoka kwa waziri wala gavana, hakuna aliyeyaumba. Walakini ng'ombe hayanywi mpaka apite malka, na malka huweza kufungwa kwa senyenge ya mtu mmoja mwenye hati. Riziki ni ya Mungu, na milango yake imo mikononi mwa watu. Mwenye kuufunga mlango kisha akamhubiria aliye nje juu ya kudra, amemsingizia Mola kitendo cha mkono wake mwenyewe. Na kinyume chake pia ni kosa. Yule mtawala akaaye jukwaani akihesabu vijana aliowapa kazi, kama kwamba yeye ndiye Mpaji na mshahara watoka mfukoni mwake, amejivika joho lisilo lake. Kazi ikitolewa kama zawadi hudai shukrani, na shukrani hulipwa kwa kura. Kazi ikitolewa kama amana hudai hesabu, na anayedaiwa hesabu ni yule aliyekabidhiwa. Jambo hili moja tu, lau lingekaa katika nyoyo za wakubwa wetu, lingebadili namna barua za ajira zinavyoandikwa.

Ikubaliwe basi kwamba kaunti imeshika mlango, na kwamba yapasa kuwafungulia wenyeji. Lakini mwenyeji ni nani? Hili ndilo fundo, na damu imekwisha kumwagika juu yake. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Na mauaji yakaenda na kurudi baina ya Wapokomo na Waorma, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, hadi mwanzo wa mwaka uliofuata, roho zaidi ya 100 zikapotea. Maji na malisho vilikuwa sababu, kama siku zote. Lakini zamani wakulima na wafugaji waligombana na wakapatana, na wazee wa gasa kwa Wapokomo na wazee wa matadeda kwa Waorma walikuwa na njia zao za kulipana fidia. Kilichokuwa kipya mwaka ule ni kwamba kaunti zilikuwa zikikaribia kuzaliwa, na kila watu waliogopa kuamka siku moja wakajikuta wageni, wakinyoosha mkono mbele ya jirani aliyelishika jembe lote.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu chake cha 65, iliona hatari hiyo, ikaagiza kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zijazwe na watu wasiotoka katika kabila lenye wingi katika kaunti. Naisifu nia yake. Hata hivyo, ukiishika sheria hii na kwenda nayo Garsen, wajikuta umeshika ufunguo wa nyumba nyingine, kwa sababu pale hakuna mmoja aliye mwingi hivyo kwamba wengine wote wawe wachache. Wenye wingi kando ya mto ni wachache nyikani, na wenye wingi nyikani ni wachache kando ya mto. Sheria huweza kuhesabu majina katika daftari la mishahara. Haiwezi kumfundisha mwenye daftari amwone mtoto wa upande wa pili kuwa ni mwana wa mji.

Nami katika kutafuta kipimo kilicho bora kuliko hesabu, fikra zangu hurudi daima katika kisa cha Nabii Musa huko Madyan, ambacho watu wa Tana, kwa jinsi maisha yao yalivyo, wangekifahamu kuliko mufasiri yeyote wa mjini. Musa alifika kisimani akiwa mkimbizi, hana nyumba, hana chakula, hana jamaa wa kumsemea. Alikuta wachunga wamejazana majini, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao, kwa kuwa hawakuweza kupenya mpaka wenye nguvu wamalize, na baba yao alikuwa mzee sana. Akawanyweshea wanyama, kisha akaenda kivulini, akamlalamikia Mola wake uhitaji wake. Wala hakuwaomba wale wanawake ujira. Mmoja wao akarudi kwa haya kumwita, na mbele ya baba yake akatoa shauri kwamba aajiriwe, kwani aliyemwona ni mtu mwenye nguvu na mwaminifu; na mzee akaweka naye mkataba wa miaka minane, na miwili ya kuzidisha iwapo angetaka mwenyewe.

Yako mambo mawili katika kisa hiki ambayo mara nyingi hurukwa na macho yetu. La kwanza ni shahidi. Hakuulizwa Musa amezaliwa wapi, wala hakuja na barua ya mheshimiwa. Ushahidi wa kufaa kwake ulitolewa na wale waliokuwa wamesukumwa nje ya maji. Wale wachunga wenye nguvu, ambao ndio waliokuwa wengi na hapana shaka ndio waliojiona wenyeji wa kisima, hawakuulizwa lolote. Fikiri jinsi ambavyo bodi ya kuajiri ingekuwa kama, kabla ya kumpa mtu kazi ya uganga zahanatini au ya ukusanyaji wa kodi sokoni, ingewauliza wanawake wauzao samaki na wajane wa kijijini: huyu mlimwona majini, alifanyaje siku ya mafuriko, alimtoa nani kwanza? La pili ni mkataba wenyewe. Mzee wa Madyan ndiye aliyekuwa mwenyeji, naye alikuwa na kondoo wa kukabidhi. Alimtia mgeni katika nyumba yake kwa muda unaojulikana, kwa masharti yanayojulikana, na akamwachia sehemu ya hiari. Huo ni mfano wa siku ya tatu iliyo kamili. Mgeni alikuja mikono mitupu, na mwenyeji ndiye aliyemkabidhi kazi.

Wakristo wa Ngao na Golbanti, ambako wamishenari walifika tangu karne ya kumi na tisa, wana kisa chao kilicho karibu na hiki, nacho ni cha mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena na tena hadi jua kukaribia kuchwa, na wale wa mwisho alipowauliza mbona wamesimama bure wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Wafafanuzi wengi hushughulika na ule ujira uliolingana. Mimi hunigusa zaidi ile miguu ya mwenye shamba. Alikwenda sokoni mwenyewe mara tano. Katika kaunti ambayo kijana wa Ozi au wa Kipao, ili apeleke maombi Hola, humpasa kwanza avuke maji na kisha apande gari kwa nauli ambayo angeilipa kwa mshahara asioupata bado, miguu ya mwenye shamba ni jambo la fikih na la siasa kwa pamoja.

Na ni kazi gani tunayoisema? Methali yataja jembe, na hapa, kwa heshima zote kwa wahenga, jembe limetutia upofu. Kwa muda mrefu kila aliyekuja Tana kutoa kazi alikuja na kazi ya mkulima au ya kibarua wa shamba, na yule kijana wa Kiorma aamkaye kabla ya alfajiri, ajuaye kila ng'ombe kwa jina na kila nyasi kwa wakati wake, akahesabiwa kuwa hana kazi. Fimbo yake haikuandikwa katika daftari lolote. Imam Ghazali katika Ihya yake alieleza kwamba ufundi na biashara ambazo watu hawawezi kuishi bila ya hizo ni faradhi ya kifaya, yaani mji mzima una dhambi iwapo hapana mmoja azifanyaye. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa, aliwahimiza watu wa pwani wasiiache elimu na kazi za mikono zikawapita. Nikikichukua kipimo hicho hadi Garsen, naona mnada wa ng'ombe ambao mifugo huuzwa ikiwa hai na kupandishwa malori kwenda Mombasa na kwingineko, na pamoja nayo huondoka ngozi, na kwato, na pembe, na ujira wa mchinjaji, na wa mtengeneza ngozi, na wa mshona viatu. Naona maembe ambayo msimu wake ukifika huanguka na kuoza chini ya miti, hata harufu yake ikamkuta msafiri barabarani, kwa kukosa mtu wa kuyakausha, au kuyakamua, au kuyatafutia soko kabla hayajalainika. Faradhi hizo zimeachwa. Tumengoja kiwanda kikubwa kutoka mbali miaka sitini, ilhali kinu kidogo cha mpunga, na chumba cha ubaridi cha samaki na maziwa, na karakana ya ngozi penye mnada, ni majembe ambayo mwenyeji angeyaweza mwenyewe na akambakizia mgeni la kushika.

Ziko sheria za kumsaidia, na haki ni kuzitaja. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sheria ya ununuzi ya 2015 imewawekea pia wakazi wa kaunti fungu lao. Kwa hizo mwanamke wa Garsen aweza kuuza unga kwa hospitali ya umma, na vijana watano wenye toroli na sululu waweza kutengeneza mfereji. Lakini mkopeshaji wa kwanza wa serikali zetu za kaunti, Kenya nzima, amekuwa ni huyo huyo mwenye duka dogo, ambaye amekwisha kuleta mali na kazi, na malipo yake yakalala miezi na miezi katika orodha ya madeni. Mtume alihimiza mwajiriwa apewe haki yake upesi, jasho lingali mwilini; na tukiipanua hukumu yake kwa kadiri ya siku zetu, mwenye kumwita mnyonge katika zabuni kisha akachelewesha fedha zake hata akafilisika, amemdhulumu mara mbili, kwa sababu amemtoa kwanza katika kazi ndogo aliyokuwa nayo. Katika mambo yote niliyoyataja hili ndilo jepesi kutengenezwa, maana halihitaji mto wala mvua, nalo ndilo linaloniudhi zaidi.

Sipendi msomaji adhani kwamba hakuna lililofanywa vizuri. Baada ya vita vya 2012 watu wa delta waliketi, kijiji baada ya kijiji, zaidi ya 100, wakulima na wafugaji, wakapanga matumizi ya ardhi yao: wapi palimwe, wapi palishwe, wapi malka zipite, wapi kiwanda kikija kiwekwe, na mpango huo ulitangazwa mwaka 2015. Najua kwamba kupanga si kutenda, na kwamba ramani haimzuii ng'ombe mwenye kiu. Hata hivyo kwa mara ya kwanza swali aliloulizwa mwenyeji lilikuwa ni: wewe wataka nini hapa? Mgeni ajaye sasa akikuta jambo lililokwisha kusemwa na pande zote mbili, hatakuwa na budi kungoja siku zake mbili kama mgeni mwingine yeyote, aketi, ale, aulize njia, kabla hajapewa la kushika.

Siku ile Minjila, kabla gari halijaja, mzee yule alinisimulia habari ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa na rafiki wa Kiorma aliyeshuka mtoni kila kiangazi. Siku ya kwanza, alisema, ng'ombe walikunywa, na watu hawakusemezana sana kwa uchovu. Siku ya pili kibuyu cha maziwa kilikuja kwa mama yake, na mama akakirudisha na ndizi na mahindi, maana kibuyu hakirudi kitupu. Siku ya tatu walishuka wote wawili kwenye malka, wakakata vichaka, wakausawazisha ukingo pale mafuriko yalipoubomoa, ili ng'ombe wasivunjike miguu na wasiingie katika migomba.

"Jembe lilikuwa la nani, baba?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Jembe lilikuwa la baba yangu," akasema. "Panga lilikuwa la Mworma."

Nikamwuliza kama malka ile ingaliko. Akaniambia kwamba iko, ila mti wa mathenge umeifunga, na mto nao umesogea kidogo, kiasi cha kutupa jiwe; akaonyesha kwa mkono upande wa mashariki, kama kwamba ningeweza kuiona kutoka pale tulipoketi. Kisha gari la Hola likasimama, akaichukua fimbo yake, akapanda.